Aliingia Nyuma ya Pigo

Jumapili, mashine za kukoboa mpunga zikizimwa, mtaa wetu hapa Ifakara unabadilika. Wiki nzima injini zinaunguruma na watu wanapaza sauti hata wakiwa wamekaa benchi moja. Halafu Jumapili mchana unaweza kusikia kuku akitembea juu ya pumba. Hiyo ndiyo siku tuliyokuwa tunapiga. Mwenye mashine mmoja alituruhusu kutumia banda lake la magunia, kwa sharti kwamba tusiguse injini na tusilete walevi. Walevi hawakuja. Muziki wetu haukuwa wa kulewea.

Tulikuwa watatu. Mimi nilikuwa kwenye drams, shemeji yangu kwenye gitaa la besi, na mke wangu, ambaye ni dada wa huyo shemeji, kwenye maneno. Mimi ni fundi baiskeli, nimesoma mpaka darasa la saba, na drams nilijifunza kwenye kwaya ya kanisani kabla sijaoa. Shemeji anafanya kazi kwenye mashamba ya miwa upande wa Kidatu. Akiwa na Jumapili ya mapumziko alipanda gari asubuhi, na wakisimama Mkula alinunua ndizi dirishani, akafika kwetu na gitaa mgongoni na ndizi mkononi. Mke wangu hakuhitaji kusafiri. Alikuwa anapepeta mchele hapo hapo mashineni, yeye na kina mama wenzake, wakitenganisha mchele mzima na chenga.

Tulichokuwa tunapiga ni hip hop. Nikisema hivyo watu wananitazama kama nimetania, kwa sababu hip hop wanayoijua ni ya redioni: biti imetengenezwa kwenye kompyuta na kijana anachana juu yake. Mimi pia nilijua hiyo hiyo, na sikuipenda sana. Aliyenizibua masikio ni shemeji. Alikuja na flashi aliyopewa na mfanyakazi mwenzake, ina nyimbo za watu weusi wa Marekani ambao hatukuwahi kuwasikia kwenye redio yoyote. Kiingereza chao hatukukielewa. Shemeji akaniambia nisihangaike na Kiingereza.

"Usimsikilize anayechana. Sikiliza nyuma yake."

"Nyuma kuna nini?"

"Kuna watu, shemeji."

Nikasikiliza. Ni kweli walikuwapo watu. Unasikia fimbo imegusa ukingo wa ngoma, ule wa chuma, halafu mara ya pili imegusa kidogo tu, kama mpigaji ameghairi. Unasikia kidole kinateleza kwenye waya wa besi. Katika wimbo mmoja kuna mtu anaguna mbali na kipaza sauti, na hakuna aliyeona sababu ya kuufuta mguno ule. Mpiga drams hakurudia pigo kwa namna ile ile hata mara moja. Nilikuwa nauweka muziki huo kwenye simu nikiwa kazini, na wateja wakanilalamikia.

"Fundi, weka hata singeli basi. Huu unatia usingizi."

"Baiskeli yako nimeshaitia hewa. Kalale nyumbani."

Tulianza wawili, mimi na shemeji, bila maneno. Mke wangu alituletea chakula bandani, wali na kambale, akakaa juu ya gunia kutungoja tule. Akiwa amekaa alikuwa na ungo wake wenye chenga kidogo, akawa anautikisa tu, kwa mazoea ya mkono. Sauti ile ikaingia kwenye tulichokuwa tunapiga, shwaa, shwaa, na shemeji akanikonyeza kwamba nisisimame.

"Nyie mnapiga kama watu wanaokimbizwa," mke wangu akasema. "Mna kesi wapi?"

Akaanza kuongea huku ngoma ikiendelea. Sikujua kwamba alikuwa na maneno ndani. Baadaye aliniambia kwamba kina mama wanaopepeta wote huwa nayo, mashine inapiga kelele kiasi kwamba unaweza kusema lolote na asikusikie mtu, kwa hiyo ukisema kila siku yanapangika. Mistari aliyoanza nayo siku hiyo naikumbuka:

*Mpunga umekwenda mjini, pumba zimebaki na sisi,*
*ungo wangu hauna cheo, unajua mzito na mwepesi.*

Aliingia nyuma ya pigo. Yaani pigo linaanguka, pananyamaza kidogo, halafu yeye yumo. Mara ya kwanza nilidhani amekosea, nikapunguza mwendo nimpokee. Mstari uliofuata akafanya vile vile. Kaka yake akacheka.

"Dada, unachelewa."

"Sijachelewa. Nyie mmewahi."

Baada ya Jumapili kadhaa sikuhitaji kufikiri. Mguu wangu ulikuwa unabaki juu ya pedali ya ngoma kubwa bila kukanyaga mpaka nisikie anavuta hewa. Hewa yake ndiyo iliyokuwa inanipa ruhusa. Shemeji naye akajifunza kuuvuta waya mmoja na kuuacha ulie peke yake pale katikati. Nafasi ile ndiyo iliyofanya muziki wetu uwe wetu. Kina mama wa mashineni waliokuja kusikiliza walikuwa wanaegemea mbele inapofika, wote kwa pamoja, kama wanaochungulia kisimani, halafu neno likija wanarudi nyuma wakicheka. Nimepiga kwenye kwaya kubwa, nimepiga kwenye harusi, sijawahi kuona watu wakifanya vile.

Shemeji aliturekodi kwa simu yake, akaenda nayo redioni, kwenye kituo kimoja kidogo. Mtangazaji alimpokea vizuri. Alisikiliza kidogo akasema sauti ina chenga, hawezi kuirusha, na hata kama isingekuwa na chenga, wasikilizaji wa siku hizi ukiwaacha kimya kidogo tu wanahama kituo. Shemeji alipotuletea habari hiyo mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

"Mwambie chenga ndiyo kazi yangu. Alete ungo."

Lakini mtangazaji alikuwa ametuelekeza kwa kijana mwenye studio, na tukaenda. Tulitaka redio, sitasema kwamba hatukuitaka. Studio ilikuwa chumba kimoja kilichobandikwa trei za mayai ukutani. Drams hazikuenea mlangoni. Kijana akasema haina shida, ngoma atazitengeneza yeye, besi pia, akamvalisha mke wangu vifaa vya masikioni, akamwambia aimbe. Sisi wawili tukakaa nje kwenye tofali.

Mke wangu alipomaliza, kijana alituita ndani kutuonyesha. Kwenye kioo cha kompyuta sauti ya mke wangu ilikuwa kama safu ya vilima, na kijana alikuwa anavishika kimoja kimoja anavisogeza mpaka kwenye mistari.

"Dada alikuwa anabaki nyuma," akasema. "Nimemnyoosha."

Kwangu hilo ni neno zuri. Ringi ikipinda naifunga, naizungusha, nakaza njiti hii nalegeza ile mpaka inyooke, na mteja anaondoka amefurahi. Nilimshukuru yule kijana. Nyumbani tukaucheza wimbo, mke wangu akausikiliza wote ameinamisha kichwa.

"Huyu dada anajua kuimba," akasema. "Ni nani?"

Redio iliurusha mara chache, mchana, baada ya kipindi cha wakulima. Majirani walitupongeza. Mama mkwe wangu, anayeishi upande wa juu wa mji na ana redio ya betri, alituma mtu aje kutuambia kwamba amemsikia mwanawe. Sisi tuliendelea na Jumapili zetu bandani kwa namna yetu, na ule wa redioni hatukuupiga kamwe. Masika yaliyofuata simu ya shemeji iliingia maji kule mashambani, na ile rekodi yenye chenga ikaenda nayo. Hatukuisikitikia. Tulijua Jumapili tutapiga tena.

Halafu mke wangu akaanza kuuweka ungo chini. Anapepeta, anauweka, anashika kiuno, anasema jua kali. Miguu ikawa inavimba jioni. Tukaenda hospitali. Daktari alikuwa mwanamke kijana, akamwamkia mke wangu shikamoo, akamwekea kile chombo kifuani na kusikiliza kwa muda mrefu amefumba macho. Akahamisha, akasikiliza tena. Sijawahi kumwona mtu mwingine akimsikiliza mke wangu hivyo isipokuwa sisi wawili.

"Mama," akasema, "huwa unakata maneno katikati ili uvute pumzi. Tangu lini?"

Mke wangu akanitazama mimi.

"Ndivyo anavyoimba, daktari," nikasema.

Daktari akatueleza taratibu, kwa Kiswahili cha kawaida. Moyo una milango, na mmoja wa mke wangu haukuwa unafunga vizuri, kwa hiyo damu ikisukumwa mbele nyingine inarudi. Huenda ilianzia utotoni, kwenye homa na koo ambavyo watu walidhani vimepona. Akasema kuna dawa, na kuna mambo makubwa zaidi yanayofanyika Dar, na kwamba tungeangalia hali yake kwanza. Mimi nilikuwa nasikia maneno lakini nilibaki pale pale kwenye swali la mwanzo. Tangu lini.

Tulirudi kwa bajaji. Karibu na soko mke wangu akasema, "Kwa hiyo, fundi, siku zote hizo tulikuwa tunapiga ugonjwa." Mimi aliniita fundi hata nyumbani.

Nikamwambia hapana.

"Tulikuwa tunapiga," akasema. "Na ulikuwa unapigika vizuri."

Dereva wa bajaji akageuka kidogo, labda alidhani tunagombana. Mke wangu akamwambia atazame barabara, mgonjwa humu mmoja anatosha.

Kama yeye alikuwa ameshajua, sijui. Sikumuuliza, na hakunieleza. Ninachojua ni kwamba nafasi ile niliyoipenda kuliko kitu chochote katika muziki, ile iliyowafanya kina mama waegemee mbele, ilikuwa ni mtu anatafuta hewa. Nimelifikiria jambo hilo kwa namna nyingi. Kuna siku naona ilikuwa vyote viwili, kwamba alikosa pumzi na akaigeuza ikawa sanaa kama mtu mwenye mguu mbovu anavyopata mwendo wake. Kuna siku sioni hivyo.

Aliendelea kuja bandani. Daktari alisema asipepete, hakusema asiimbe. Nafasi zikawa ndefu, tukawa tunazingoja. Shemeji alikuwa anauacha waya ulie mpaka unyamaze wenyewe. Jumapili ya mwisho mke wangu alikaa juu ya gunia amejifunika kanga, akasema mstari mmoja, mguu wangu ukabaki hewani, nikangoja hewa yake. Akapunga mkono.

"Endeleeni," akasema. "Mimi nasikiliza nyuma."

Alifariki asubuhi, hospitali, mama yake akiwa ameshika mkono wake na mimi nimetoka kuchota maji ya moto ya chai.

Msibani walikuja ndugu kutoka upande wa Mahenge, walikuja majirani wa mashineni. Kina mama wanaopepeta walipika. Mtoto mmoja wa ndugu alikuwa amekodi spika, na baada ya nyimbo za kwaya akaweka wimbo wa mke wangu, ule wa studio, akaurudia na kuurudia. Alifanya kwa upendo. Mzee niliyekaa naye mkekani akaniambia, "Msikilize mkeo, kijana. Bado yupo."

Nikamsikiliza. Kila neno lilianguka juu ya pigo, pa, pa, pa. Hapo ndipo nilipogundua kitu ambacho sikukiona tulipousikiliza naye nyumbani: kijana wa studio alikuwa amekata pumzi zote. Wimbo mzima, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, hakuna mahali anapovuta hewa. Watu walikuwa wanalia pande zote. Mimi sikuweza. Sikumwona mtu wa kumlilia kwenye ile spika.

Baada ya mazishi sikurudi bandani. Jumapili nilikaa nyumbani na kimya kile cha mashine zilizozimwa, na nikaona siwezi. Kwa hiyo mwalimu wa kwaya aliponifuata kwamba mpiga drams wao amehamia Uchindile kwenye kazi za mashamba ya miti, nikakubali. Ni mtu mwema, ana subira na watu. Siku ya kwanza ya mazoezi alisimamisha wimbo katikati.

"Fundi, unatuacha hewani. Unasimama wapi hapo?"

"Nimesimama?"

"Umesimama. Kwaya nzima imeinua mguu inakungoja."

Wanakwaya wakacheka, si kwa ubaya. Tukarudia, akanisimamisha tena pale pale. Mara ya tatu nikajisikia mwenyewe. Mguu wangu ulikuwa juu ya pedali haukanyagi. Ulikuwa unangoja.

Siwezi kueleza furaha niliyoipata. Nilikuwa nimedhani hakuna kilichobaki. Nguo zake ndugu walikuwa wameshagawana kama ilivyo desturi, rekodi ilizama, ule wa redioni haukuwa yeye, na kumbe kuchelewa kwake kulikuwa mwilini mwangu, kumekaa tu kwenye mguu wa kulia. Niliendesha baiskeli kwenda nyumbani kama mtu aliyebeba yai.

Lakini kwaya ni watu wengi, na wana misa ya kuimba. Mwalimu wa kwaya aliweka kwenye simu yake kitu kinachogonga tik, tik, tik, akaniomba nikifuate. Sikumweleza. Ningemwelezaje? Ningesema, mwalimu, naomba muimbe kama mtu ambaye mlango wa moyo wake haufungi? Nilifuata ile tik. Mwanzoni ilikuwa kazi ngumu, nilikuwa naikanyaga pedali kwa nguvu kama mtu anayemfukuza mbuzi. Baadaye ikawa nyepesi. Siku ile nafasi ilipoondoka mguuni mwangu sikuiona. Nakumbuka tu kwamba Jumapili moja baada ya misa alinishika bega akasema, "Sasa umenyooka, fundi." Nikamshukuru, nikaenda kula, na katikati ya kula nikasimamisha kijiko.

Mwaka ulipokaribia kuisha mama mkwe aliniita kupanga siku ya kumaliza msiba. Nilimkuta uani anachambua mboga, nikamwamkia, akanipa kigoda.

"Nataka mpige wimbo wake," akasema. "Wewe na shemeji yako, kwa mikono."

"Upo ule wa redioni, mama."

"Ule siutaki. Mwanangu hapumui mle."

Nilidhani mimi peke yangu ndiye niliyesikia. Nikamjibu sawa, mama.

Shemeji alikuja Jumapili iliyofuata na tukafungua banda. Gunia alilokuwa anakalia lilikuwa limeshauzwa pamoja na mengine. Tukaanza. Ilipofika nafasi ya kwanza nikasimamisha mguu, nikaurudisha. Tukarudia. Shemeji alivuta waya wake akauacha ulie, akanitazama, nikakanyaga. Tukarudia mara nyingi, mpaka akaweka kiganja juu ya nyaya kuzinyamazisha.

"Shemeji. Unahesabu."

"Nahesabu."

"Zamani ulikuwa huhesabu."

"Zamani kulikuwa na mtu."

Shemeji alitoa ndizi akamenya, akanipa nusu. Nikamwambia ile nafasi imeondoka, kwamba nilikuwa nayo mpaka juzi juzi na imeondoka kwaya ikiimba. Nilitegemea atakasirika, yule ni dada yake. Akasema yeye mwenyewe, akiwa kule kwenye miwa, huwa anajaribu kuisikia sauti yake ikisema "nyie mmewahi", na siku hizi inakuja kwa sauti ya mama yao.

Tulikwenda kwa mama mkwe wote wawili kumwambia ukweli. Nikasema, "Mama, wimbo tunaujua, lakini namna yake sina tena. Nikiweka zile nafasi zinakuwa za uongo."

Akafikiri huku anaendelea na mboga zake.

"Usiweke za uongo," akasema. "Pigeni hivyo hivyo mlivyobaki."

Siku ya kumaliza msiba, baada ya misa na chakula, tulipanga drams uani kwake karibu na jiko. Ndugu walikaa kwenye mikeka, kina mama wa mashineni wakakaa mbele kabisa. Tukapiga. Mimi nilipiga sawasawa, kama nilivyofundishwa, sikuhesabu na sikungoja. Shemeji hakuuacha waya ulie. Hakuna aliyesema maneno, ilikuwa ngoma na besi tu. Ilipofika pale mahali niliwaona kina mama wakianza kuegemea mbele, na wimbo ukapita.

Ukaisha mapema. Hilo sikulitegemea. Ulikuwa umebaki mfupi sana, muda wote ule ambao tulizoea kuuona ndio wimbo ulikuwa ni yeye. Nilishika matoazi kwa mkono yanyamaze. Watu hawakuinuka, walikuwa wanatuangalia, wamekaa vile vile kama kuna sehemu bado inakuja. Shemeji akainama akazima spika yake.

"Ndio wote?" mama mkwe akauliza.

"Ndio wote, mama."